Barua ya wazi: Mimea ya dawa dhidi ya ugonjwa wa Alzheimer haitamfikia mgonjwa kwa mwendo huu

Kwa: Wakuu wa mamlaka za udhibiti wa dawa
Wakuu wa mifuko inayofadhili utafiti wa afya
Wahariri wa majarida ya sayansi ya dawa

YAH: UTAFITI WA MIMEA YA DAWA DHIDI YA UGONJWA WA ALZHEIMER, NA BIDHAA ZINAZOUZWA KWA KISINGIZIO CHAKE

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunaowaandikia ni watu wa kazi hii: wanaoitambua mimea porini, wanaoikamua maabara, wanaopima ubora wa dawa, na wanaowatibu wazee waliopotewa na kumbukumbu. Haya tutakayoyasema si mapya kwenu. Yamewafikia kwa maoni ya uhakiki, kwa ripoti za madhara na kwa barua ambazo hazikutangazwa. Tulichopata ni taarifa kwamba barua zimepokelewa. Hoja zenyewe hazikujibiwa, ndiyo maana leo tunazileta hadharani.

Hatuandiki kwa kuwa tumekata tamaa na mimea. Mimea imekwisha kuthibitisha uwezo wake. Dawa zinazotumika zaidi kupunguza makali ya Alzheimer ni donepezili, rivastigmini na galantamini. Zote tatu huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana ujumbe wa kumbukumbu na umakini. Donepezili ilibuniwa maabara, lakini mbili zilizobaki asili yake ni porini. Galantamini ilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika Muungano wa Kisovieti kutoka kwenye ua la Galanthus, ikaendelezwa Bulgaria kwa kutumia Leucojum aestivum, na mwaka 2001 ikaidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu. Rivastigmini, iliyoidhinishwa huko mwaka 2000, ilitengenezwa kwa kufuata umbo la fisostigmini, sumu ya haragwe la Calabar iliyotengwa mwaka 1864.

Tangu hapo makala kuhusu mimea na Alzheimer zimemiminika. Hata hivyo, katika nchi nyingi daktari anayeandika cheti cha dawa leo ana majina yale yale ya miaka zaidi ya 20 iliyopita. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilikadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na demenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra, na kwamba kila mwaka wagonjwa wapya ni karibu milioni 10. Alzheimer ndiyo chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya hao. Watu hawa hawakukosa dawa kwa sababu mimea ni michache. Fedha zenu na sifa mnazozigawa huishia kwenye hatua ya kwanza ya utafiti, na hatua hiyo ya kwanza ndiyo inayobandikwa kwenye chupa na kuuzwa kama ushahidi. Tunaeleza hapa chini hoja kwa hoja.

1. Mmea uliopimwa haujulikani ni upi.

Makala nyingi husema tu kwamba "majani yalikaushwa na kukamuliwa kwa ethanoli". Kazi iliyoelezwa hivyo haiwezi kurudiwa na mtu yeyote. Ili mtafiti wa pili apate kile alichopata wa kwanza, lazima iwepo sampuli yenye ua au tunda, iliyobanwa, ikakaushwa, ikapewa namba na kuwekwa kwenye hifadhi ya mimea ambako yeyote anaweza kwenda kuiangalia. Ijulikane imechumwa wapi, lini, mmea ukiwa na umri gani, na ni sehemu ipi iliyotumika. Ijulikane imekaushwa kivulini au juani, kwa joto gani, na imesagwa kwa ukubwa gani. Halafu vipimo: kwa mfano gramu 100 za unga mkavu kwa lita 1 ya ethanoli ya asilimia 70, saa 24, mara tatu, ikachujwa, kileo kikaondolewa kwa joto lisilozidi nyuzi 40, zikabaki gramu kadhaa za dondoo. Bila uwiano huo kati ya mmea na dondoo, dozi inayotajwa baadaye haina maana.

Leucojum aestivum inaonyesha kwa nini tunang'ang'ania jambo hili. Ipo mimea ya aina hiyo ambayo kiambato chake kikuu ni galantamini. Mingine, yenye ua lile lile na jani lile lile, ina likorini kwa wingi, na likorini humtapisha mtu. Tofauti ni bonde ilikoota tu. Anayeandika jina la mmea bila kutaja chanzo chake ameandika nusu ya jina.

Na kosa la utambuzi huua. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliokuwa wakimeza vidonge vya kupunguza unene vilivyotakiwa kuwa na Stephania tetrandra walipewa Aristolochia fangchi, kwa kuwa mimea hiyo miwili ina majina yanayofanana sana katika biashara ya dawa za Kichina. Zaidi ya watu 100 waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo.

2. Matokeo ya mrija wa maabara yanageuzwa kuwa tiba.

Hapa ndipo penye tatizo kubwa kuliko yote, kwa hiyo tuvumilieni tukae kidogo. Kipimo kinachotumika karibu kila mahali ni cha Ellman, cha mwaka 1961. Unaweka kimeng'enya, ambacho mara nyingi hutolewa kwa samaki wa umeme, unaongeza asetilithiokolini, mfano wa asetilikolini wenye salfa, na kemikali iitwayo DTNB. Kimeng'enya kikifanya kazi, rangi ya njano inatokea, nawe unaisoma kwenye nanomita 412. Ukitia dondoo la mmea na njano ikapungua, unaandika kwamba mmea "unazuia kimeng'enya".

Ni kipimo rahisi, cha haraka, na kizuri kikitumiwa kwa uangalifu. Lakini njano hupungua kwa sababu nyingi. Tanini, ambazo zimejaa kwenye magome na majani mengi, hushikamana na protini yoyote, kimeng'enya hiki kikiwemo, hazikichagui. Viambato vingine hukamata ile salfa inayotakiwa kuitikia na DTNB, hivyo rangi haitokei ingawa kimeng'enya kinafanya kazi yake kama kawaida. Na dondoo lenyewe likiwa la njano au la kahawia, usomaji wa mwanzo umekwisha kuharibika. Tiba ya makosa haya inajulikana: ondoa tanini kwanza, pima dondoo bila kimeng'enya, rudia ukiwa umeongeza albumini, protini ya kuzinasa tanini zilizobaki, kisha thibitisha kwa njia ya pili isiyotegemea rangi. Kazi hiyo ni ya siku chache, nayo makala nyingi mnazozichapisha haziifanyi.

Manjano, kile kiungo cha jikoni, yana mtego wake. Kipimo cha kuona kama amiloidi beta, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, inagandana hutumia rangi inayong'aa iitwayo thioflavini T. Kurkumini, kiambato cha manjano, nayo hung'aa na kufyonza mwanga katika eneo hilo hilo, kwa hiyo mashine husoma mvurugano wa mianga miwili na mtafiti hutangaza kwamba ugandaji umezuiliwa.

Halafu kuna suala la kiwango. Makala inaposema dondoo limezuia nusu ya kimeng'enya kwa miligramu 1 kwa mililita, tufanye hesabu. Kupata kiwango hicho kwenye lita 5 za damu peke yake kunataka gramu 5 za dondoo zipenye zote, bila ini kuvunja hata chembe. Kama mmea hutoa dondoo la asilimia 10, hizo ni gramu 50 za majani makavu kwa mkupuo mmoja. Dawa ikisambaa kwenye maji yote ya mwili, takriban lita 40, ni gramu 400 za majani. Na bado haijavuka ukuta unaotenga damu na ubongo, ambao huzuia molekuli nyingi kubwa na kurudisha nyingine zilizokwisha kuingia. Galantamini hufanya kazi hiyo hiyo kwa kiwango ambacho kwa kawaida hakifiki mikrogramu 1 kwa mililita, yaani kwa uchache wa zaidi ya mara elfu. Mhariri anayepitisha makala ya kwanza bila kumtaka mwandishi aweke galantamini pembeni kama kipimo cha kulinganishia anamnyima msomaji habari aliyoihitaji kuliko zote.

3. Panya hawaugui Alzheimer.

Njia iliyozoeleka ni kumpa panya skopolamini, ambayo humsahaulisha kwa muda, kisha dondoo, halafu kumpima kwenye dimbwi au njia panda. Skopolamini huziba vipokezi vya asetilikolini kwa saa chache. Haileti amiloidi, haileti protini ya tau iliyojisokota ndani ya seli kama kwenye ugonjwa huu, wala haiui seli. Dondoo likimzindua panya huyo, limeonyesha kuwa linapambana na skopolamini. Hilo lina thamani kwa kuchagua cha kuendelea nacho, mradi panya wamegawiwa kwa bahati nasibu, anayewapima hajui nani kapewa nini, na idadi yao imekokotolewa kabla. Panya sita kwa kundi, mpimaji akijua kila kitu, hawatoshi hata kwa hilo.

4. Majaribio kwa binadamu ni madogo, mafupi, na mara nyingi hayarudiwi.

Yapo majaribio makubwa, nayo yametufundisha mengi. Ginkgo biloba ilipewa nafasi ya haki huko Marekani: watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, miligramu 120 za dondoo sanifu mara mbili kwa siku, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 6. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Waliopata demenshia walikuwa 277 upande wa ginkgo na 246 upande wa plasebo, yaani dawa bandia isiyo na kiambato. Ginkgo haikuzuia ugonjwa. Hilo ni jibu, na jibu la "hapana" lililopatikana vizuri lina faida kwa umma kuliko makala mia za mrija.

Huperzini A, kutoka mmea wa Huperzia serrata, nayo ikiwa kizuizi cha kimeng'enya kile kile, ilijaribiwa Marekani kwa mikrogramu 200 mara mbili kwa siku. Mwaka 2011 ikaripotiwa kwamba baada ya wiki 16 dozi hiyo haikuwa na nafuu kwenye kipimo cha utambuzi. Kurkumini ilipewa wagonjwa kwa gramu 2 na gramu 4 kwa siku kwa wiki 24. Mwaka 2012 ikaonekana haikusaidia, na kiasi kilichofika kwenye damu kilikuwa kidogo mno. Hapo mtu makini hujiuliza: kurkumini imeshindwa, au haikufika? Swali hilo lilipaswa kujibiwa kabla ya kuwapa wagonjwa, kwa kupima damu na maji ya uti wa mgongo ya watu wachache kwa siku chache.

Zafarani ndiyo inayotuuma zaidi. Mwaka 2010 Iran ilitoa majaribio mawili ya miligramu 30 kwa siku: moja la watu 46 kwa wiki 16 dhidi ya plasebo, jingine la watu 54 kwa wiki 22 dhidi ya donepezili. Matokeo yalitia moyo. Lakini kutoonekana kwa tofauti kati ya makundi mawili madogo si uthibitisho kwamba dawa mbili zinalingana. Kwenye ADAS-Cog, kipimo cha kumbukumbu na fikra chenye alama 70, galantamini huwazidi waliopewa plasebo kwa takriban alama 3. Ili kuiona tofauti ya alama 3, ikiwa matokeo ya wagonjwa yanatawanyika kwa alama 6, unahitaji watu wapatao 63 kila kundi. Robo yao wakiacha njiani, inabidi uanze na 84. Hadi leo zafarani haijapewa jaribio la ukubwa kama lile la ginkgo. Hatusemi itafaulu, ila imestahili kuulizwa sawasawa.

Jambo jingine ni nani anaingia kwenye jaribio. Wengi huingizwa kwa dalili na maswali ya kumbukumbu tu. Katika majaribio ya bapineuzumab, kingamwili iliyolenga amiloidi, yaliyochapishwa mwaka 2014, wagonjwa wasiobeba APOE e4, jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer, walipopigwa picha za ubongo, zaidi ya theluthi moja ya waliopigwa hawakuwa na amiloidi ya kutosha. Walikuwa na ugonjwa mwingine. Sasa kuna vipimo vya damu vya protini ya tau. Dondoo la mmea lijaribiwe kwa watu wenye ugonjwa unaodaiwa kutibiwa. Na plasebo ifanane na dawa kwa rangi, harufu na ladha. Zafarani na seji hunukia. Mgonjwa akitambua alichopewa, upofu wa jaribio umekwisha.

5. Bidhaa zinauzwa wakati maswali hayo yote yako wazi.

Chupa huandikwa "huimarisha ubongo" au "hurudisha kumbukumbu", na neno Alzheimer huepukwa kwa makusudi ili sheria ya dawa isiguse. Familia iliyokwisha kupewa utambuzi hospitali inaelewa vizuri inachoambiwa.

Ndani ya chupa nako kuna mambo. Dondoo la ginkgo lililotumika kwenye majaribio lina takriban asilimia 24 ya flavonoidi na asilimia 6 ya laktoni za terpeni, na asidi ya ginkgoliki isiyozidi sehemu 5 kwa milioni kwa kuwa huleta mzio. Mchakachuaji anajua kwamba wapimaji wengi hupima jumla ya flavonoidi tu. Anaongeza rutini, flavonoidi ya bei nafuu kutoka mmea mwingine, na namba 24 inatoka bila wasiwasi. Atagunduliwa tu na kipimo cha kromatografia kinachoonyesha kila kiambato peke yake. Kwa manjano, unga wake una kurkumini kama asilimia 3. Kapsuli ya miligramu 500 za unga ina miligramu 15 hivi. Ili kufikia gramu 4 za jaribio, ambalo nalo halikusaidia, mtu angemeza zaidi ya kapsuli 260 kwa siku. Madini nayo yapimwe: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mimea mikavu uliweka kikomo cha miligramu 10 za risasi na miligramu 0.3 za kadimi kwa kilo.

Hatari tunayoiona zaidi ni mchanganyiko. Mzee anatumia donepezili. Mwanawe, kwa mapenzi, anamletea kapsuli za huperzini A. Kazi ya dawa hizo ni moja, kwa hiyo amezidishiwa dozi bila mtu kukusudia. Moyo unapungua kasi, anaanguka, anatapika, anakonda, na nyumbani wanasema ugonjwa umepanda. Mwenye pumu au vidonda vya tumbo huumia zaidi. Ginkgo pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huongeza wasiwasi wa kuvuja damu. Hypericum perforatum, inayouzwa kwa huzuni, hulichochea ini kuvunja dawa nyingi kwa haraka kuliko kawaida. Na mchanganyiko wowote wenye Datura una atropini na skopolamini, zinazofanya kinyume kabisa cha dawa ya mgonjwa. Galantamini yenyewe, ambayo ni safi na dozi yake inajulikana, huanzwa kwa miligramu 8 kwa siku na kuongezwa kila baada ya wiki nne, 16 kisha 24, kwa sababu ya madhara haya haya. Iweje ndugu yake wa porini auzwe bila onyo hata moja?

6. Mmea wenyewe na wenye maarifa yake wamesahauliwa.

Tuseme kesho mmea mpya umefaulu, na una kiambato hai asilimia 0.1 ya uzito mkavu, na dozi ni miligramu 24 kwa siku. Mgonjwa mmoja kwa mwaka ni karibu gramu 9 za kiambato, sawa na kilo 9 za mmea mkavu hata kama ukamuaji haupotezi kitu. Wagonjwa 10,000 ni karibu tani 90. Hakuna pori linalostahimili hilo kwa miaka, hasa kinachong'olewa kikiwa ni tunguu au mzizi. Galantamini ilinusurika kwa sababu mimea ilianza kulimwa na wanakemia wakafaulu kuitengeneza kiwandani. Mpango wa kilimo uanze pamoja na utafiti, usisubiri pori liishe.

Haragwe la Calabar lilijulikana kwa Waefik, watu wa Calabar huko Nigeria, waliolitumia kuwaapisha watuhumiwa, kabla halijafika maabara yoyote. Wakati huo hakukuwa na mkataba wa kuwatambua. Sasa upo: Itifaki ya Nagoya, ya kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki kwa haki, ilipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014, na Mei 2024 ukapitishwa Geneva mkataba unaotaka mwombaji wa hataza ataje chanzo cha rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi. Hata hivyo miradi mnayoifadhili bado huorodhesha "mahojiano na waganga" kama mbinu ya utafiti, bila makubaliano yaliyoandikwa.

Waheshimiwa, majibu mtakayotupa tunayafahamu.

Mtasema mimea hii imetumika karne nyingi, kwa hiyo ni salama. Matumizi ya jadi mara nyingi ni ya siku au wiki. Alzheimer hutaka dozi ya kila siku kwa miaka, kwa mtu mwenye figo za miaka 80 na dawa nyingine tano. Jamii inaweza kutambua mmea unaoua leo. Unaoharibu figo polepole huwapita wote, kama Ubelgiji ilivyoonyesha.

Mtasema dondoo lina viambato vingi mno, haliwezi kusanifishwa kama dawa. Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka ya dondoo la chai ya kijani mwaka 2006, na mwaka 2012 ikaidhinisha dawa ya utomvu wa mti Croton lechleri. Njia ipo, na wengine wamekwisha kuipita.

Mtasema hakuna kampuni itakayolipia mmea usioweza kupewa hataza. Ni kweli, na ndiyo sababu fedha za umma zipo. Mtasema pia kwamba kingamwili mpya zimefika. Mojawapo, lecanemab, ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa alama 0.45 kwenye kipimo cha alama 18 baada ya miezi 18. Huanzwa kwa dripu kila wiki mbili na hudai picha za MRI za mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Tunaifurahia hatua hiyo. Lakini zaidi ya asilimia 60 ya watu wenye demenshia wanaishi nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako MRI ni chache. Kidonge chenye ubora unaojulikana bado kinahitajika.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba yajibiwe hadharani ndani ya miezi 6.

Wahariri: msichapishe kazi yoyote ya dondoo isiyo na namba ya sampuli iliyohifadhiwa, uwiano wa mmea na dondoo, na picha ya kromatografia. Kwa kipimo cha Ellman, daini galantamini pembeni, uthibitisho wa njia ya pili, na maelezo ya jinsi tanini zilivyoondolewa. Pokeeni majaribio yaliyosema "hapana" kwa uzito ule ule wa yale yaliyosema "ndiyo".

Wafadhili: simamisheni fedha za kuchuja mimea mipya pasipo mpango wa hatua zinazofuata. Chagueni michache iliyokwisha kuonyesha dalili kwa binadamu, zafarani ikiwa ya kwanza kwa maoni yetu, muipitishe njia nzima: kipimo cha kiasi kinachofika kwenye damu na ubongo, kisha jaribio la vituo vingi la wiki zisizopungua 24, wagonjwa wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo vya kibayolojia. Anayedai kuzuia ugonjwa wenyewe, na siyo dalili tu, apewe miezi 18. Msitoe hata malipo ya kwanza kabla ya kuona makubaliano na wenye maarifa na mpango wa kulima.

Mamlaka za dawa: bidhaa yoyote inayotaja kumbukumbu au ubongo iandikwe jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, uwiano wa dondoo na miligramu za kiambato kinachopimwa. Kila toleo lipimwe madini, vijidudu na uchakachuaji, matokeo yatangazwe. Zenye huperzini A au kizuizi kingine cha kimeng'enya kinachovunja asetilikolini zibebe onyo mbele ya chupa: zisitumiwe pamoja na donepezili, rivastigmini wala galantamini. Na kwenye fomu ya kuripoti madhara ya dawa wekeni mstari unaouliza moja kwa moja, "Je, mgonjwa anatumia dawa ya mmea? Ipi?" Mstari huo tuliuomba kwa faragha zaidi ya mara moja. Hauhitaji sheria mpya wala bajeti.

Tuko tayari kuketi nanyi na kuandika rasimu za masharti haya, bila malipo.

Kwa heshima, wenu katika kazi,

Wanabotania, wanakemia, wafamasia na madaktari wa magonjwa ya ubongo tunaoshughulika na mimea ya dawa

Nakala: Vyama vya familia za watu wenye demenshia, mabaraza ya maadili ya utafiti